Mabega ya Wengine

Mtoto wa Babati akiinua macho asubuhi huuona mlima Kwaraa, wenye msitu na ukungu. Kilele chake hupita mita 2,400, na aliyekipanda huwasimulia wenzake kwa fahari. Lakini Kwaraa mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine hazifikii Margherita, kilele kikuu cha milima ya Ruwenzori. Hicho kina mita 5,109, nacho kina barafu ingawa Ikweta i karibu. Ila siku hizi barafu hiyo yapungua sana. Mpaka wa Uganda na Kongo hupita papo hapo kileleni. Mataifa ya Ulaya yalipatana juu ya mpaka huo mwaka 1910, lakini jamaa za Wakonjo wakaa pande zote mbili za mlima.

Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kufika huko ni Luigi Amedeo, Mwitalia wa ukoo wa kifalme, tarehe 18 Juni 1906. Je, alifika kwa nguvu zake peke yake? Hasha! Wakonjo ndio waliochukua mizigo yake, wakipita matopeni na juu ya mawe kwa miguu mitupu, katika baridi kali, mpaka kambi ya Bujongolo chini ya jabali kubwa.

Kwenye barafu waliongoza Joseph Petigax na César Ollier, watu wa Courmayeur, kijiji kilicho chini ya Mont Blanc, mlima ulio mpakani mwa Italia na Ufaransa. Wapandaji walifungana kwa kamba moja, ili mmoja akiteleza wenzake wamzuie. Petigax alichonga vidato katika barafu kwa shoka. Karibu na kilele, ukuta wa barafu ukawazuia. Ndipo Ollier aliposimama imara, naye Petigax, mwenye viatu vya misumari, akakanyaga mabega yake, akapanda. Kisha akawasaidia wenziwe.

Luigi Amedeo alistahili sifa, kwa kuwa alijitia hatarini pamoja na watu wake. Lakini kilele kilipewa jina la Malkia Margherita wa Italia, ambaye hakubeba mzigo wala kushika kamba. Basi, usomapo habari za mtu aliyefika juu, uliza ni mabega ya nani yaliyomchukua. Wahenga walinena kweli: kidole kimoja hakivunji chawa.