Usione Yapita, Yameundwa

Ndugu msomaji, kila mtu ana udhaifu wake, nami udhaifu wangu ni kusimama njiani kutazama magari. Sisemi magari ya kununua, maana mshahara wangu wa ukarani haukuniruhusu hata siku moja kufikiri jambo hilo, na pensheni haikubadili kitu. Nasema magari ya watu, yapitayo barabarani. Nikitumwa mkate wa asubuhi, chai hupoa ikiningoja. Mke wangu amekwisha zoea. Lakini wanangu, walipokuwa wadogo, waliona haya kufuatana nami, wakichelea kwamba wapita njia watanidhania mtu wa kutamani mali za wenzake.

Huenda nawe umepata kumwona mzee kama mimi kando ya barabara, ukamdhania hivyo hivyo. Basi naomba nikueleze tofauti. Mwenye kutamani gari hujiona yeye mwenyewe amekaa ndani yake. Mwenye kulitazama humwona aliyeliunda, aliyelitengeneza lilipoharibika, na anayeliendesha ili watoto wake wale. Wazee wetu walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Walisema habari za vyombo vya baharini, lakini na vya nchi kavu vimo katika methali hiyo.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilitoka kwa miguu na mjukuu wangu wa miaka kumi, kutoka Magomeni kwenda Kariakoo. Tulipofika Jangwani lilitupita basi la mwendokasi, lile refu lenye kiungo katikati kilichokunjwakunjwa kama kodiani. Mjukuu wangu akasema kwamba mabasi ya namna ile hayakupata kuonekana mjini kabla yeye hajazaliwa. Nikacheka. Ni kweli kwamba mwendokasi ulianza mwaka 2016. Lakini nikamwambia kwamba mimi nilikwenda kazini kwa basi la kuungwa zamani sana. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, liliundwa mwaka 1974, na baadaye likawa na mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria. Watu waliyaita kumbakumba, kwa sababu yalikumba abiria wote waliokuwapo kituoni. Mwenye bahati alisimama pale kwenye kiungo, juu ya sahani ya chuma izungukayo, na kila basi lilipokata kona alijiona kama anayecheza dansi.

Hata hivyo mabasi hayakutosha, na mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kuchukua abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la daladala. Mjukuu wangu hupanda daladala kila siku ya shule, wala hakupata kujua kwamba jina lile ni nauli ya babu yake.

Tuliendelea hivyo, yeye akiuliza nami nikijibu. Pale Faya tuliliona Land Rover la zamani lenye rangi iliyopauka, lakini halina kutu. Nikamweleza kwamba magari hayo yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati chuma cha pua kilipokuwa haba. Waundaji wakatumia aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Shida yao ikawa faida yetu, sisi tukaao karibu na chumvi ya bahari. Mtaa wa Msimbazi tulimpisha mwenye guta, akisukuma pedali huku amepakia magunia ya vitunguu hadi juu ya kichwa chake. Hilo nalo tulilisimamia. Yule bwana alikuwa ameunga fremu kwa vipande vya nondo, na kila kiungo kilikuwa mahali panapobeba uzito.

Mjukuu wangu akauliza kama sisi tumepata kuunda gari. Nikamsimulia habari za lori la Nyumbu, lililoundwa Kibaha na mafundi wetu wenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akanitaka tuingie Gerezani kwa mafundi.

Hapo ndipo nilipoliona Bedford. Lilikuwa na pua ile ile ya mviringo, taa mbili kama macho ya mtu aliyeshtuka, na bodi ya mbao. Miguu yangu ilikataa kwenda. Mjukuu wangu akasema kwa sauti, "Babu, hili si la kuuza chuma chakavu?"

Sikumjibu upesi, maana nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa dereva wa Bedford kama hilo, mali ya mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini. Mwaka 1971 nilipochaguliwa kuingia sekondari kule Morogoro, alinipeleka yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na shehena ya njia hiyo. Tulipokaribia shule niliwaona wavulana wengine wakishuka kutoka katika Peugeot 404 nyeupe, inayong'aa. Nikamwambia, "Baba, nishushe hapa, nitatembea." Alinitazama, akalitazama sanduku langu la bati, akasimamisha lori chini ya mwembe. Hakuniuliza neno. Tangu siku hiyo, kwa miaka minne, kila alipopita Morogoro na fedha yangu ya sabuni, alisimama pale pale chini ya mwembe, mbali na lango, akamtuma utingo kuja kuniita. Mimi sikumwambia asogee. Alifariki mwaka 1989, nami sijamwambia.

Ndugu msomaji, nilikuwa kipofu mwenye macho. Likizo moja nilirudi naye usiku, na springi ikavunjika karibu na Chalinze. Baba na utingo wake waliinua lori kwa jeki, wakakata kipande cha mti mgumu, wakakifunga kwenye springi kwa mipira ya tairi kuukuu, wakivuta kwa meno. Mimi nilikuwa nimelala kitini, nimejifunika koti lake. Nilipoamka tulikuwa Ubungo na jua linachomoza. Nilikumbuka usiku ule miaka mingi baadaye, nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe wa kulala huku nikikesha. Ndipo nilipoanza kusimama barabarani.

Dereva wa lile Bedford la Gerezani alikuwa chini ya lori, na maneno ya mjukuu wangu yalimfikia. Akatoka mikono imejaa grisi, akaamkia, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia na kumwomba radhi kwa ajili ya mtoto. Akacheka, akamwita mtoto karibu, akafungua boneti. Akamwonyesha rejeta iliyozibwa kwa risasi mahali patatu, gasketi aliyoikata yeye mwenyewe kwa mkasi, na nati alizozitoa katika magari mengine manne. "Vipuri vyake haviko dukani," alisema. "Viko kichwani mwa fundi." Mjukuu wangu aliingiza mkono, akazigusa moja baada ya nyingine.

Dereva alikuwa anakwenda kuchukua matofali upande wa kwetu, akatukaribisha. Tukapanda, mtoto katikati. Lori likaunguruma, na harufu ya mafuta na ngozi kuukuu ikanirudisha miaka hamsini nyuma. Tulipokaribia mtaa wetu niliwaona vijana wenzake wakicheza mpira mbele ya duka. Moyo wangu ulidunda. Nilitaka kumtangulia kusema, nimpunguzie aibu. Tena nikaogopa kusema. Dereva akapunguza mwendo, akauliza, "Niwashushe wapi?"

Mtoto akanyosha kidole. "Mbele kidogo, mlangoni, penye mlimau. Na tafadhali, mjomba, piga honi."

Honi ikalia, mpira ukasimama, na wale vijana wakaja mbio. Mimi niligeuza uso kando, nikajifanya natafuta kitasa cha mlango.

Basi ndugu yangu, kesho Jumatatu utasimama kituoni kama kawaida. Yatapita mazuri na yatapita makuukuu. Usiyahesabu bei. Chagua moja, litazame hadi lipotee, ukamfikiri yule aliyekesha ili asubuhi liweze kupita. Na kama yuko mtu anayekusubiri chini ya mwembe, mbali na lango, nenda umwambie asogee.