Unene Ule Haukuwa Afya

Akina mama wenzangu, sisi tuna desturi ya kumsifia mtoto mnene. Tukiona mashavu yamejaa tunasema, "Huyu ana afya!" Mimi ni muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na maneno hayo nimeyasema mara nyingi. Leo napenda kuwasimulia jinsi tulivyokaribia kumpoteza mtoto wa mdogo wangu huku mimi nikimsifia.

Mwana wetu huyo alizaliwa mzima. Lakini katika wiki ya pili alianza kutapika, akakataa ziwa, akakonda mpaka ngozi ikalegea. Wengine walisema ni tumbo tu, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Katika hospitali ya rufaa walipima damu wakakuta chumvi imepungua mno na potasiamu imezidi. Daktari alitueleza kuwa juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizo hutengeneza homoni za kuusaidia mwili kutunza chumvi na sukari, na kustahimili maradhi. Za mtoto wetu zilikuwa na upungufu tangu tumboni.

Ndugu wa mume walipoanza kumnyooshea mdogo wangu kidole, daktari aliwaita mume na mke pamoja. Aliwaambia kuwa ugonjwa huu ni wa kurithi, na mtoto haupati mpaka arithi hitilafu kwa baba na kwa mama, ingawa wao wenyewe hawaugui. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tangu siku ile shemeji yangu hakuruhusu mtu amseme mkewe.

Mtoto alianzishiwa vidonge vya haidrokotisoni mara tatu kwa siku, pamoja na fludrokotisoni na chumvi kidogo. Akanawiri. Mimi nikajitwika kazi ya kumfundisha mdogo wangu. Nilimwambia, "Akipata homa, ongeza haidrokotisoni kama daktari alivyoandika, maana mwili unaougua unahitaji zaidi. Wala usimwache na njaa, sukari isije ikashuka." Aliyashika sana maneno hayo.

Alipofika miaka sita, alikuwa mnene kuliko wenzake wote katika shule ya Jumapili ninayofundisha. Uso ulikuwa mviringo, tumbo limetangulia, lakini kimo kilikuwa kama kimesimama. Suruali zake zilimbana kiunoni kabla hazijawa fupi. Watoto walimwita Kibonge. Nami, muuguzi mzima, nilicheka nikasema, "Mwacheni, ana afya huyo."

Mdogo wangu hakucheka. Jirani alikuwa amemwambia kuwa dawa ndizo zinazomnenepesha mtoto, naye bila kuniambia akaanza kumpa nusu. Haikupita muda, mtoto akaugua malaria. Alitapika, akalegea, mikono ikawa ya baridi, akawa haitiki akiitwa. Tulimkimbiza usiku. Kwenye geti la hospitali mdogo wangu alinishika mkono akasema, "Dada, nisamehe. Nimekuwa nikimpunguzia dawa."

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Namshukuru Mungu kwamba alisema mapema. Mtoto alichomwa sindano ya haidrokotisoni mara moja, akatundikiwa dripu ya chumvi na sukari. Kulipokucha alifumbua macho, akaniita "Mama mkubwa", akaomba uji.

Mambo yalipotulia, daktari alikaa nasi akauliza dawa zinavyotolewa, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo kosa langu lilipoonekana. Kila mafua yalipokuja, mdogo wangu aliongeza dozi kama nilivyomwagiza, lakini hakujua siku ya kuirudisha chini. Akaogopa, akaiacha juu kwa wiki kadhaa. Mimi nilimfundisha kuongeza, sikumfundisha kurudisha. Tena kwa kuogopa sukari kushuka, alimpa maandazi na soda kutwa nzima. Dozi iliyozidi ilimnenepesha na kuzuia kimo, na ile nusu ya baadaye nusura imuue.

Si mwana wetu peke yake. Mwaka 2006 madaktari wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana 89 wenye ugonjwa huu, wakakuta karibu 17 katika kila 100 wamenenepa kupita kiasi. Walioongezewa hatari ni wale wenye dozi kubwa na wale ambao wazazi wao pia ni wanene.

Sasa tunafanya hivi. Kila kliniki mtoto anapimwa uzito na kimo, na dozi inapangwa kwa vipimo hivyo. Dozi ya homa imeandikwa daftarini, na chini yake imeandikwa siku ya kuirudisha. Anakula ugali, maharage, mchicha, samaki na matunda kama sisi sote, na hakosi kifungua kinywa. Anakunywa maji badala ya soda, na anacheza mpira. Dawa hatuipunguzi bila daktari. Ikiwa ndogo mno kwa muda mrefu, homoni za kiume huzidi, mtoto hurefuka haraka utotoni, kisha mifupa hukomaa mapema akabaki mfupi ukubwani.

Mama mwenzangu, kama mwanao anatumia dawa za namna hii na unamwona ananenepa, usimlaumu mtoto wala usiitupe dawa. Nenda kamweleze daktari kila kitu, hata lile unaloona aibu kulisema. Na sisi wauguzi tusimsifie mtoto kabla ya kumpima.

Mwana wetu bado ni mnene kidogo. Lakini juzi, tulipokuwa tukimvalisha kwenda kanisani, suruali yake ilikuwa imemfupia na kiunoni haimbani. Mdogo wangu aliinama kuuangalia upindo wake, akanyanyua uso akiwa na machozi. "Dada," akasema, "anarefuka."