Makina, kijiji cha Wanubi jijini

Panda matatu ya Kibera katikati ya jiji la Nairobi, ushukie Makina. Wengi hudhani Kibera ni mabanda matupu. La hasha! Jina lenyewe lilitoka kwa Wanubi: "kibra", yaani msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwapa makao humo askari wa Kisudani wa jeshi la KAR, na mwaka 1918 ikawatengea zaidi ya ekari 4,000. Hati hawakupewa.

Makina bado husemwa Kinubi, na akina mama husuka tabaga, kile kifuniko cha chakula chenye rangi za kupendeza. Wajukuu wa askari hao walisumbuliwa sana wakitafuta vitambulisho, eti ni wageni! Hati ya ardhi ilifika mwaka 2017, ya ekari 288.