Shauku Inataka Uwanja

Zagayu, Simiyu

Mpwa wangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mtama umeshaingia ghalani, pamba ndiyo kwanza tunaanza kuichuma, na mama yako anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma. Unasema kikundi chenu cha ngoma hapo chuoni kinakunyima usingizi, umekorofishana na wenzio wa kikundi cha pili, na mwalimu mmoja amekuonya upunguze jazba. Unaniuliza kama shauku ni ugonjwa.

Wapo wenye akili nyingi waliodhani hivyo. Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliihesabu kuwa maradhi ya roho. Aristotle, aliyewatangulia, alisema vizuri zaidi: kupenda au kukasirika si kosa, kazi ni kupata kiasi chake, wakati wake na mtu anayestahili. Sisi Wasukuma swali hilo tulilijibu kwa miguu.

Habari za Ngika na Gumha unazijua. Walikuwa waganga, karne ya 19, kila mmoja akiamini dawa yake ndiyo kali. Wazee husimulia kuwa ubishi wao uliishia kwenye ngoma, wafuasi wa mmoja wakawa Bagika, wa mwingine Bagalu. Kwa desturi yao pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji akihama, amepiga kura.

Ona wazee hao walivyofanya. Hawakumwambia mtu apoe. Wivu, uchu wa sifa, uchungu wa kushindwa mwaka jana, vyote waliviacha vichemke, ila wakaviwekea mpaka: uwanja, mpinzani na msimu, baada ya mavuno. Anayeacha magugu yameze pamba eti anafanya mazoezi, huku tunamwita mvivu.

Tena shauku haikai kwa mtu mmoja. Mcheza ngoma ya bugobogobo anaporusha jembe, likazunguka hewani, akalidaka bila kupotea mdundo, mtazamaji hushtukia mabega yake yanatikisika. Hakuamua, ameambukizwa. Kiherehere hakiambukizi, humtikisa mwenyewe tu. Mwangalie pia mcheza nyoka wa kikundi cha Bayeye, chatu kajizungusha shingoni. Uwanja mzima unapiga kelele, lakini mikono yake haina papara hata chembe. Ukimtazama usoni utadhani hana shauku yoyote, kumbe bila shauku hiyo asingevumilia miaka ya kujifunza kumshika nyoka.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie. Wapo wachezaji wanaotafuta samba, dawa ya kuvuta watazamaji, na wakishindwa hawaulizi ngoma yao ilipwaya wapi. Wanauliza nani kawaloga. Hapo shauku imehama. Ilikuwa inapenda ngoma, sasa inapenda ushindi peke yake, na mtu wa namna hiyo hata akishinda haonji raha. Katika kurasa zako nne, za ngoma yenyewe ni mistari michache. Zilizobaki ni hila za wale wenzio. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, wala si kukosa kwako usingizi.

Usiwachukie, mpwa wangu. Bila Bagalu, Bagika wangejinoa kwa ajili ya nani? Mahasimu wako ndio wanaokuamsha alfajiri kwenda mazoezini. Waangalie wanavyocheza, iba kinachoibika, kisha warudishie kwa ubora zaidi.

Kwa hiyo fanya mitihani yako kwanza, maana nayo ina msimu wake. Mkifunga chuo, njoo na kikundi chako mwezi wa saba, na hao mahasimu uwaalike waje pia, mcheze hapa mbele ya watu wasiowajua wala kuwaonea haya. Nikishauza pamba nitachangia nusu ya nauli, yao na yenu sawasawa.

Ni mimi mjomba wako.