Ukifika Malili, mtoto atauliza

Matatu ya Emali hutoka Nairobi alfajiri ya Ijumaa ikiwa imejaa, na safari hii mama mmoja yumo ndani na mwanawe wa kiume aliyemaliza kidato cha nne. Wanaenda kwa susu, nyanya mzaa mama, kuhudhuria mkutano wa wazazi. Binti mdogo wa mama huyo anaishi kwa bibi yake na yuko Gredi ya Nne katika shule ya msingi ya kijijini.

Barabara ya Mombasa haina haraka ya kupendeza. Kwanza ni malori, halafu vumbi la viwanda vya saruji vya Athi River. Kisha nyika ya Kapiti inafunguka pande zote mbili, na msafiri mwenye bahati huona pundamilia wakila pamoja na ng'ombe. Pale Kyumvi, barabara ya Machakos inapochepuka, wachuuzi huinua machungwa hadi dirishani. Mama hununua ya susu, akikagua moja moja.

Halafu ni Malili, takriban kilomita 60 kutoka Nairobi, na hapo ndipo watoto huuliza. Katikati ya nyasi kavu yamesimama majengo ya vioo, na barabara pana za lami zenye taa lakini zisizo na magari mengi.

"Mama, huo ni mji gani?"

"Ndiyo Konza. Walisema kazi zenu zingetoka hapo."

Konza ya zamani ni stesheni ya reli, ambako njia ya Magadi huachana na ile ya Mombasa. Konza mpya ilizaliwa kwenye Ruwaza ya 2030, mpango uliozinduliwa mwaka 2008. Serikali ilinunua ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaweka jiwe la msingi. Wakati huo zilitajwa ajira zaidi ya 20,000 za teknolojia ifikapo mwaka 2015. Wenye mashamba ya jirani waliambiwa wasijenge ovyo, kwani mji ulikuwa ukija.

Haki isemwe: mji huo si hewa tupu. Kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi data, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa hapo Agosti 2023. Chuo cha sayansi na teknolojia kinachojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini kimo pia. Hata hivyo 2015 imepita zamani, na pale Malili biashara bado ni chai na chapati, duka la M-Pesa, bodaboda chini ya mti na saiba moja au mbili.

Matatu inasimama ili dereva anywe chai. Mama anatumia nafasi hiyo kuingia saiba, kwa sababu ombi la cheti cha kuzaliwa cha binti yake limekwama mtandaoni. Kijana wa saiba hamwombi neno la siri la akaunti. Anafungua daftari la kurasa zilizokunjika na kulisoma humo, pamoja na la jirani na la jirani wa jirani. Wateja wa njia hii wamemwachia yote: akaunti za serikali, maombi ya vyuo, mikopo ya wanafunzi. Ni kijana mwaminifu, na bei zake ni nafuu. Lakini mtu aliyeachia funguo zake zote kwenye daftari la mwingine hawezi kusema huduma za serikali zimemfikia. Zimefika kwa kijana wa saiba.

Mwanawe anatazama daftari hilo, kisha anamtazama mama yake. Naye ana lake moyoni. Kabla ya uchaguzi wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza mwaka 2014. Aliyeingia mwaka huo ni yeye. Zabuni ikazua mzozo, ikafutwa, na vipakatalishi vikageuka kuwa tabuleti. Zilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 zilikuwa za darasa la kwanza, na yeye alikuwa darasa la tatu. Sasa ananyoa ndevu, na barua pepe yake ya kwanza alifunguliwa saiba.

Kutoka hapo barabara inashuka kuelekea Salama na Sultan Hamud, kisha Emali, yenye soko, ng'ombe na stesheni ya reli mpya. Kwa susu ni mwendo wa bodaboda.

Kwenye mkutano mama anauliza swali moja: tabuleti ziko wapi? Mwalimu mkuu hakasiriki. Anachukua funguo na kuwaongoza wazazi hadi chumba chenye vyuma madirishani, vyuma ambavyo wazazi wenyewe walivichangia ili vifaa visiibiwe. Ndani ya kabati ziko tabuleti, vipakatalishi viwili vya walimu na projekta, vyote vimefunikwa kwa kitambaa safi. Nyingi haziwaki tena. Betri zimekufa, na hakuna aliyewahi kumwambia nani wa kuzitengeneza au kwa pesa zipi. Mwalimu aliyepewa mafunzo alihamishwa. Nayo sheria isiyoandikwa popote ni kwamba kifaa kikipotea, mwalimu mkuu ndiye atakayetafutwa; basi anafunga kabati.

Kitu kimoja ahadi ile ilikiacha: umeme. Katika miaka hiyohiyo shule za msingi za umma zilivutiwa nyaya au kuwekewa sola karibu nchi nzima, na taa ya chumba hicho inawaka. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa Kenya nzima, na serikali huitaja hesabu hiyo kwa fahari. Hesabu ya vinavyowaka ndiyo mzazi anayoihitaji. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa dijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa msingi, na mtoto wa Gredi ya Nne hawezi kuupata kwa kutazama kitambaa.

Mzazi mmoja anasema waende kwa gavana. Wengi wangesema hivyo, na wangepoteza siku. Chini ya Katiba, kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini; shule ya msingi ni ya serikali kuu. Wa kuulizwa ni Wizara ya Elimu, na Mamlaka ya TEHAMA iliyosimamia vifaa. Aulizwe mmoja peke yake, atamtaja mwenzake. Ni busara barua moja ikaenda kwa wote wawili.

Jioni hiyo barua inaandikwa jikoni kwa susu, kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Mwombaji halazimiki kueleza sababu, wala halipii kuuliza. Anaweza kulipia kunakili karatasi tu. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa, ambaye huandika maneno yake na kumpa nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Likikosekana, mlango unaofuata ni Tume ya Haki ya Utawala.

Kijana ndiye anayeshika kalamu. Wanauliza shule ilipewa vifaa vingapi na lini, nani analipwa kuvitengeneza, bajeti ya mwaka huu imetenga nini, na ni mwalimu gani atakayefundishwa. Susu, ambaye hakumaliza shule, anataka swali lake liingie pia: tabuleti ikiharibika mikononi mwa mtoto anayejifunza, nani atalipa? Mama anasita. Kijana analiandika, kwani ndilo lililofunga kabati.

Jumatatu asubuhi, kabla ya matatu ya kurudi Nairobi, wanapita ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Karani anasoma, anasoma tena, anauliza kama wametumwa na mwanasiasa. Wanamwambia ni wazazi. Anapokea ya ofisi na kugonga muhuri wenye tarehe kwenye nakala. Bahasha ya pili, ya Mamlaka, inabaki mkobani mwa mama hadi Nairobi. Nakala yenye muhuri inapelekwa kwa susu, anaikunja mara nne na kuiweka nyuma ya kalenda ya ukutani. Kisha anamwomba mjukuu wake wa Gredi ya Nne ahesabu siku 21 na kuizungushia kalamu nyekundu ya mwisho.