Mionzi ya Mnarani

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Siku ya kwanza ya mafunzo, fundi mwanagenzi wa minara ya simu hutatizwa na neno moja: mionzi. Neno hilo humkumbusha eksirei na saratani. Mkufunzi makini hulipambanua kwanza. Eksirei huweza kung'oa elektroni kutoka katika atomu. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Madhara yake yaliyothibitishwa ni joto mwilini. Jicho, ambalo lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuipoza, huathirika kwa urahisi.

Baadaye huja kanuni: antena izimwe au ipunguzwe nguvu kabla ya kukaribiwa, mtu asisimame mbele yake, umbali ni kinga. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 1998, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020, humruhusu mfanyakazi aliyefunzwa kupokea kiwango mara tano ya kile cha raia wa kawaida. Ruhusa hiyo imejengwa juu ya ufahamu wake. Je, aliyefunzwa kwa lugha asiyoimudu amefunzwa? Hapa ndipo wanaistilahi wa Kiswahili wanapodaiwa, na deni lenyewe ni uhai wa mtu.