Wazee wa Kuvusha

Malaba kila mtu anaishi kwa kuvusha kitu. Dereva wa treila anavusha mafuta kwenda Kampala, mama wa soko anavusha trei za mayai, kijana wa bodaboda anakuvusha wewe. Hata hilo neno bodaboda lilizaliwa huku mpakani, Busia na Malaba, enzi zile baiskeli zilikuwa zinabeba abiria kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Na kila anayevusha ana bei yake. Kwa hivyo wazee wawili walipoanza kuvusha watoto wa watu bure, mtaa ulishuku. Eti hawa wastaafu wanakula wapi?

Siwataji majina, wenyewe hawapendi. Mmoja alifundisha fizikia hadi akafikisha miaka 60, serikali ikamwambia asante, nenda nyumbani. Mwingine ni mama aliyefanya kazi ya forodha karibu miaka thelathini. Kila Jumamosi wanakaa ukumbi wa kanisa, meza moja, viti vinne vya plastiki, na daftari kubwa la mistari. Kazi yao ni moja: kijana anayetaka kusoma nje ya nchi anakuja na karatasi zake, wao wanazisoma naye.

"Nje ya nchi" kwetu inaweza kuwa ng'ambo ya mto. Kutoka Busia, chuo kikuu kimoja cha serikali kilicho karibu ni Busitema, upande wa Uganda, kilichofunguliwa 2007. Unavuka na kitambulisho tu. Ndiyo maana watoto wa huku hufikiria Uganda kabla ya kufikiria Nairobi.

Mimi nilifanya KCSE mwaka wa 2016. Mnaukumbuka ule mwaka. Matokeo yalitangazwa tarehe 29 Desemba, watu bado wanakula mabaki ya Krismasi. Nchi nzima A zilikuwa 141. Waliopata C+ kwenda juu hawakufika 89,000, kati ya watahiniwa zaidi ya laki tano na nusu. Mimi nilipata C, ile tunaita pleni. Digrii Kenya inaanzia C+. Alama moja tu, na mlango umefungwa.

Wiki ya pili ya Januari, ajenti akaja nyumbani. Kijana msafi, viatu vinang'aa, anajua majina yetu wote. Alisema Uganda gredi yangu inatosha, naingia digrii moja kwa moja, nafasi zimebaki chache. Alikuwa na barua ya kukubaliwa chuoni tayari, jina langu limepigwa chapa juu. Kilichobaki ni shilingi 45,000 za kushikilia nafasi. Mama hakuwa na pesa hizo, lakini alikuwa na mtamba mmoja, na jioni hiyo hiyo akaanza kuulizia bei.

Shangazi ndiye aliyesema, kabla hamjauza ng'ombe, pelekeni hiyo barua kwa wale wazee.

Mama wa forodha aliivaa miwani yake polepole.

"Mama, hii ni barua ya chuo," nilimwambia.

"Naona karatasi, binti yangu. Chuo bado sijakiona."

Akaisoma kuanzia chini kwenda juu. Baadaye alinieleza kwamba ndivyo walivyokuwa wakisoma hati za mizigo. "Mtu akidanganya sukari," alisema, "huwa hakudanganyi kwa sukari yenyewe. Anadanganya kwa tarehe, kwa muhuri, na kwa jina la anayelipwa." Akatazama kalenda ya ukutani. Barua ilikuwa ya tarehe 8 Januari 2017. Jumapili. Ofisi gani ya chuo hupiga barua Jumapili? Jina la chuo kwenye muhuri halikulingana na lile la juu ya barua. Na pesa zilitakiwa zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu, si akaunti ya chuo.

Nilikasirika. Si kwa ajenti, kwa yeye. Ukiwa na miaka kumi na nane na mlango mmoja tu mbele yako, anayekuonyesha kwamba mlango umechorwa ukutani ndiye unayemwona adui. Nililia pale pale. Hakunibembeleza. Alimsukumia Mwalimu barua, akaenda kununua chai.

Mwalimu aliandika maswali matatu nyuma ya ile barua. La kwanza: chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda? La pili: programu yenyewe imeidhinishwa? Kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na kozi isiwe. La tatu: ukirudi, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya itaitambua hiyo digrii? Kisha akauliza nataka kusoma nini. Nikasema uhandisi wa maji. Akaongeza la nne: Bodi ya Wahandisi je?

"Kwenda ni rahisi," alisema. "Hata mbuzi huvuka. Sisi tuongee habari ya kurudi."

Halafu akanichorea njia. Kwa C unaweza kusoma diploma hapa hapa Kenya. Ukimaliza, uvuke na diploma mkononi ukaombe digrii, au ubaki. Ni ndefu, alisema, lakini kila hatua ina karatasi ya kweli. Mtamba haukuuzwa. Jirani yetu mmoja alilipa ajenti yule yule. Chuo alichokikuta ng'ambo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyuma, na muhula wa pili hata hivyo vilikuwa vimefungwa.

Nilikaa miaka kabla ya kumuuliza Mwalimu kwa nini anafanya hii kazi bure. Jibu lake lilianzia enzi za Amin. Miaka ya sabini walimu wengi wa Uganda walikimbilia Kenya, na shule zetu zikawapokea. Aliyemfundisha fizikia alikuwa mmoja wao. Siku hizo mtihani wenyewe ulikuwa mmoja kwa Kenya na Uganda, chini ya baraza moja, kwa hivyo mwalimu alivuka mpaka na somo lake likabaki lile lile. Jumuiya ikavunjika 1977, na baadaye Kenya na Uganda kila moja ikaenda na mtihani wake. Kenya ikaleta 8-4-4 mwaka wa 1985, Uganda ikabaki na kidato cha tano na cha sita. Tangu hapo cheti cha huku kikienda kule lazima mtu akitafsiri. "Mtafsiri ndio mimi," alisema.

Mei 2017 marais wa Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Mwalimu aliikata hiyo habari gazetini akaibandika kwenye daftari. Bado anawaambia watu waulize yale maswali.

Ujerumani kuna Senior Experten Service, ilianza 1983, inatuma wastaafu duniani kote wakashauri bila mshahara. Lakini mtaalamu wao anakatiwa tiketi na kupewa mahali pa kulala. Mama wa forodha anajilipia boda kwenda kuthibitisha chuo cha mtoto asiye wake. Wanaposifiwa kanisani napiga makofi, lakini moyoni nauliza kwa nini jukumu la kumlinda kijana wa mpakani na barua ya uongo limeachiwa watu wawili wenye magoti mabovu.

Nilimaliza diploma, nafanya kazi ya pampu na mabomba ya maji, na maombi yangu ya digrii yako mezani kwa msajili. Jumamosi nikiwa huru nakaa kiti cha nne. Daftari lina safu tano: jina, gredi, chuo, mwaka, na ya mwisho imeandikwa "amerudi". Mwalimu haijazi mpaka mtu aje mwenyewe na cheti. Nyingi ziko wazi. Wiki iliyopita alinipa kalamu niandike mimi, mkono wake siku hizi unatetemeka. Kijana aliyekuwa mbele yetu alikuwa na barua kutoka Kampala. Nikaanza kuisoma kuanzia chini.